Sitaki ya Tatu

Jumatano ile Bupe aliposema "sitaki" kwa mara ya pili, kalamu ya shahidi nilikuwa nimeishika mimi.

Hakusema kwa mdomo wake. Bupe alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajawahi kutamka neno. Kilichosema ni Kauli, kibandiko chembamba alichobandikwa nyuma ya sikio la kushoto, kinachosoma yanayopita kichwani na kuyatoa kwa maneno kwenye kispika kidogo kilichobanwa kwenye sweta. Sauti yenyewe ilikuwa ya msichana mpole, mwenye adabu za kupitiliza. Msajili alimuuliza kama sheria inavyotaka: "Bupe, unataka tuendelee na matibabu?" Kispika kikanyamaza kidogo. Kisha kikasema, "Hapana, asante. Nimechoka. Sitaki tena."

Mama yake, Subilaga, alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama, katikati ya masufuria ya wageni waliokuwa wametoka muda si mrefu. Bupe alikuwa amejikunja kitandani, macho ameyafumba, mikono imeziba masikio, akitafuna kola ya sweta yake ya bluu.

"Hiyo ni ya pili mfululizo," alisema Msajili wa Kauli, Bwana Komba, kijana nadhifu aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea. "Leo dozi itatolewa, kwa kuwa mzazi na daktari wamekubaliana. Ikija ya tatu Jumatano ijayo, faili linafungwa."

"Linafungwa maana yake nini?" Subilaga aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Mgonjwa anapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani, mama. Ni haki yake."

Nikasaini. Daktari Salha Mbarouk, ambaye muda wote huo alikuwa amegeukia dirishani, akaja akatundika mfuko wa dozi ya nne bila kumtazama mtu yeyote.

Niseme mapema, ili asitokee wa kunionea huruma: sheria hiyo ni yangu. Si yangu peke yangu, lakini nilitembea kwa miguu kwa ajili yake kutoka hapa Tukuyu mpaka Mbeya mjini, nikalala mahabusu siku mbili, na ilipopitishwa nililia mbele ya kamera bila haya. Kaka yangu Ambokile naye alikuwa hasemi. Alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kujipiga ngumi tumboni. Alijipiga siku tatu, na wauguzi wa wakati ule wakamfunga mikono kitandani kwa kanga za mama ili asijiumize. Kidole tumbo kilipasuka. Alikufa amefungwa, na mama alizirudisha zile kanga nyumbani akazichoma.

Kwa hiyo Kauli ilipokuja, nikasema hii hapa. Mtoto asiyesema asikilizwe, na neno lake lishinde la mzazi, la daktari na la mchungaji. Nilisema hivyo kwenye redio, nilisema kwenye mikutano, nilisema hata kwenye harusi za watu mpaka wakaacha kunipa kipaza sauti. Halafu nikaomba kazi hospitalini ili nione inavyofanya kazi. Cheo changu ni msaidizi wa familia. Sichomi mtu sindano. Mzazi akifika na mtoto wa saratani namtafutia kitanda hosteli, namweleza daktari alichosema kwa lugha ya binadamu, naandikia shule barua, napanga nani aje kumwona mgonjwa na saa ngapi. Mdomo wangu mkali unajulikana, lakini familia zangu huwa nazibeba.

Ya Bupe ilikuwa inanidondoka.

*

Ijumaa nilimkuta Subilaga nyuma ya hosteli, kwenye kamba za nguo. Mvua ilikuwa imeacha kidogo, na huku kwetu ikiacha kidogo watu wote hukimbilia kamba. Upande wa pili wa ukuta mabomba ya mvuke wa ardhini kutoka mlima Ngozi yalikuwa yanaunguruma. Ni mvuke huo unaopasha matangi ya ghorofa ya chini, ambamo chembe zilizotolewa kwenye damu ya Bupe zinafundishwa kuitambua saratani yake, kisha zinarudishwa mwilini mwake kuiwinda. Wazazi huziita askari. Dozi ni nane. Daktari Salha alishatuambia zaidi ya mara moja kwamba nane maana yake nane: ukikatisha njiani, saratani iliyobaki imeshawajua askari wetu, na ikirudi hakuna tena cha kuifundisha.

Niliinua sweta ya bluu kwenye beseni. Kola ilikuwa imebaki nyuzi.

"Hii ameimaliza."

"Ya juzi hiyo. Jumatano."

"Na hii ya kijani?"

"Jumatano iliyopita."

"Hizi nyingine mbona nzima?"

"Ni za siku nyingine, dada."

Aliendelea kukamua. Mikono yake ni ya mchuma chai, ikikamua nguo haidondoshi tena hata tone.

"Jumatano ndiyo siku ya sindano ya dozi," nikasema, kama mtu anayejijibu. "Lazima anaogopa."

"Jumatatu nayo anachomwa. Wanamtoa damu chupa nne. Si umemwona? Anatoa mkono mwenyewe. Anazipanga zile chupa, anazihesabu, wakitoa tatu anawagomea mpaka watoe ya nne."

Kweli, nilikuwa nimemwona. Maabara walikuwa wanamwita bosi.

"Sasa Jumatano kuna nini?"

Subilaga aliining'iniza sweta, akaibana, akaibana tena pasipohitaji kubanwa.

"Wageni," akasema.

Kwa asiyezijua hospitali zetu: hapa mgonjwa haachwi peke yake. Ukilazwa na siku ya tatu ikapita hujaonwa na mtu, watu wataanza kuuliza ulimkosea nani. Umoja wa wanawake wa kanisa lao, kule Kyimo, ulikuwa unakuja kila Jumatano, wanawake ishirini na wawili. Kila mmoja aliingia, akaukamata mkono wa Bupe kwa mikono yake miwili, akasema pole mama, akauliza umelalaje, akampapasa kichwa kilichonyonyoka nywele. Wakimaliza wanaimba. Wakimaliza kuimba wanaomba, wote kwa sauti, kila mtu na lake. Kisha ndizi zinafunuliwa. Yote hayo karibu saa mbili. Na aliyewaweka Jumatano saa tatu asubuhi, ili mtoto apate moyo kabla ya dawa, ni mimi. Ratiba ya Faraja niliiandika kwa mkono wangu na kuibandika ukutani. Wao wakitoka, saa tano kamili, anaingia Bwana Komba na swali lake.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu Jumatano ya kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini? Uwaambie nini?" Alinigeukia. "Watu wametoka Kyimo na ndizi kichwani. Mama Tupokigwe ana goti bovu na anazipanda ngazi zile zote. Nimwambie rudi, mwanangu hataki mkono wako? Mimi ni nani, dada? Kesho nikipata msiba atakuja nani kunishika?"

"Kwa hiyo ukamwacha mtoto..."

Sikumaliza. Aliibwaga sweta ya kijani ndani ya beseni, povu likaturukia wote wawili.

"Na wewe ulimwacha wapi? Nani anawapangia saa? Nani huwa anakaa pale kwenye kona anatabasamu na kupiga picha za ripoti?"

Alinipa vidonge vyangu, nikavimeza.

"Tukiwazuia," nikasema, "akae asubuhi nzima bila mtu, halafu aulizwe."

"Atakubali."

"Hujui, Subilaga."

"Atakubali!"

"Na akisema hataki?"

"Nitambeba. Nitamfunga mgongoni kama alipokuwa mchanga, nimpeleke kwenye kiti cha dawa mwenyewe."

"Nitasimama mlangoni," nikamwambia. Nililisema kabla sijalipima, lakini nilipolipima nikaona ni kweli. "Akisema hataki kwa akili yake iliyotulia, nitasimama mlangoni na hutapita."

"Nitapita."

"Mimi nimeona mtoto akifungwa kanga."

"Na mimi nimezaa mmoja anayetaka kufa. Nitapita juu yako, dada Ikupa."

Hakuwa na hasira tena aliposema hivyo, na ndiyo maana nilimwamini. Tulianika nguo zilizobaki, yeye upande wake wa kamba na mimi wangu.

*

Jumatatu nilimfuata Daktari Salha kwanza. Ni Mzanzibari, anaichukia baridi yetu kwa moyo wote na huvaa makoti mawili ndani ya wodi.

"Mie nilikwisha sema tangu mashine hii inaletwa," alinijibu. "Kauli haisomi nia ya mtu. Inasoma hali ya ubongo ya dakika ile, basi. Halafu inachukua swali ulilouliza na kulitafutia jibu linalofanana na hali ile. Na kufanana huko imejifunza kwa nani? Kwa watu wanaosema, maelfu kwa maelfu. Mtu anayesema akiwa na hali kama ya Bupe baada ya wale akina mama, huyo keshakata tamaa ya maisha. Bupe yeye pengine anataka tu watu waondoke. Pengine."

"Pengine?"

"Wallahi sijui, bibie. Hata akitulia, sijui atasema nini. Dawa yangu inamtapisha siku tatu. Ningekuwa mie labda ningekataa."

Kutoka hapo nikaenda ofisini kwa Bwana Komba. Alisimama nilipoingia, akanivutia kiti. Nilimwomba kitu kidogo tu: swali liulizwe saa mbili asubuhi, kabla ya wageni, au wageni wasije.

Alifungua kitabu cha sheria, ingawa nadhani alikuwa anakijua kwa moyo.

"Kifungu cha tisa, mama. Mazingira ya siku ya kauli yasibadilishwe tangu kukataa kwa kwanza hadi kwa tatu. Atakayebadilisha ananyang'anywa leseni, haingii tena wodi yoyote nchini, na anafikishwa mbele ya baraza."

"Nakijua kifungu cha tisa."

"Najua unakijua." Aliona haya kidogo. "Picha yako imo kwenye kitabu chetu cha chuo. Umebeba bango."

Kifungu cha tisa nilikidai mimi. Nilipiga meza kwa ajili yake. Siku zile za mwanzo wazazi walikuwa wanawaletea watoto soda na kuwaahidi baiskeli asubuhi ya swali, mtoto anasema ndiyo kwa kinywa kitamu, jioni analia na sindano mkononi. Nikasema lazima kuwe na ukuta kati ya mzazi na lile swali. Wakaujenga vizuri sana.

"Bwana Komba, yule mtoto anajibu wageni. Hajibu dawa."

"Inawezekana." Alikifunga kitabu. "Naomba niulize, mama, na usinielewe vibaya. Inawezekana pia wageni wanamchosha na dawa haitaki. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Wewe una hakika gani?"

Alinishika pabaya. Sikuwa na hakika yoyote. Nilikuwa nataka Bupe apone, na nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kuamini kwamba naye anataka. Wazazi wangapi walikaa mbele yangu miaka kumi yote hii, wamebeba sababu nzuri kama hiyo, nikawatolea uvivu mpaka wakatoka wanalia?

"Sina hakika," nikamwambia. "Ila wewe nawe huna. Tofauti yetu ni kwamba wewe utaandika."

Nilitoka bila kuaga, na si tabia yangu.

Usiniulize nilifikiria nini siku ile iliyobaki. Nilifikiria leseni yangu, ndiyo, na familia nyingine kumi na moja nilizokuwa nazo, ambazo zingepewa mtu mwingine. Nilifikiria kwamba nikikivunja kifungu cha tisa kwa mtoto ninayempenda, kesho baba fulani atakivunja kwa baiskeli na kusema hata Ikupa alivunja. Yote hayo yalikuwa na uzito. Lakini kila nilipoyapanga nilimwona Bupe ameziba masikio na mimi kwenye kona na simu yangu, nasema, jamani sogeeni kidogo muonekane wote.

*

Jumatano saa mbili na nusu niliufunga mlango wa wodi kwa ufunguo, ufunguo nikautia kwenye sidiria, nikaweka kiti mbele ya mlango na kukikalia.

Niliwasikia kabla sijawaona. Huwa wanaanza kuimba wakiwa ngazi za chini, sauti ya kwanza anaishika Mama Tupokigwe mwenyewe, mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu. Alinifundisha darasa la tatu. Fimbo yake naikumbuka mpaka leo.

Alitokea juu ya ngazi, ameshika goti, nyuma yake wengine na mikungu na vyungu na chupa za chai. Wimbo ukakatika.

"Ugonile, Ikupa mwanangu," akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekaa njiani?"

"Leo hamwingii."

Alinitazama usoni, kisha akautazama mlango, kisha akashusha sauti. "Amefariki?"

"Hapana! Mzima. Amekaa kitandani. Ila hataki wageni."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Wewe?" Mmoja wa nyuma aliyekuwa na mkungu kichwani akacheka kwa uchungu. "Wewe si ndiye uliyetuandika kwenye karatasi? Jumatano saa tatu, msikose, mtoto anawapenda. Si maneno yako hayo?"

"Ni maneno yangu. Nilikosea."

"Mtoto mdogo anakataa kuombewa," akasema mwingine. "Makubwa haya."

Nilifungua mdomo niwape makubwa zaidi, maana nilikuwa nimeshapandisha hasira. Lakini mlango ukagongwa kwa ndani, mara tatu, na ikabidi nisimame nitafute ufunguo kifuani mbele ya kanisa zima. Alikuwa Subilaga. Alitoka, akaurudishia mlango taratibu usilie. Alikuwa amefunga kanga kiunoni.

"Msimlaumu dada," akasema. "Mimi ndiye nimekataa. Mikono yenu inamuumiza mwanangu. Kuimba kunamuumiza. Mnapompapasa kichwa anaumia, na mkishaondoka haniruhusu hata mimi kumgusa mpaka kesho yake. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu niliwaogopa nyinyi kuliko nilivyomhurumia yeye." Hapo alilia, lakini hakufuta machozi wala hakushusha macho. "Sasa nimesema. Mkininunia, nuneni. Nikifiwa msipokuja, nitazika mwenyewe."

Wawili walijitwika mikungu yao wakashuka zao, na viatu vyao tulivisikia mpaka chini. Mama Tupokigwe alibaki ameshika goti. Uso wake ulikuwa umenyauka. Nilidhani atanitandika kama zamani, na kwa kweli ningempa mkono.

"Angalau tukiimba polepole?" akauliza.

"Hapana, mwalimu."

"Hata kuomba?"

"Kimoyomoyo."

Akageuka, akajishusha kwenye ngazi ya juu kabisa, akanyoosha goti lake. "Kaeni," akawaambia wenzake. "Na atakayekohoa nitamtoa nje." Wakakaa, wanawake ishirini, ngazi nzima kutoka juu mpaka chini, na vyungu vyao mapajani. Kwa saa mbili hakuna aliyesema neno. Nimezaliwa hapa na sikuwahi kuona jambo kama hilo.

*

Saa tano kasoro dakika mbili Bwana Komba alipanda katikati yao akisema samahani, samahani, akiinua miguu juu ya vyungu. Alipofika juu alikuwa ameshaelewa.

"Mmebadilisha mazingira."

"Nimebadilisha mimi. Andika."

"Mama Ikupa..."

"Andika jina lote, na saa, na kwamba nilikuwa na akili zangu timamu. Halafu ingia uulize, maana sheria haikuruhusu kutouliza."

"Haikuruhusu," akakubali. Aliandika amesimama, kalamu ikimteleza.

Chumbani palikuwa na utulivu mpaka ukasikia mashine ya maji ikidondosha. Bupe alikuwa amekaa kitandani, miguu ameining'iniza, sweta ya njano, kola nzima. Alikuwa anavipanga vifuniko vya mirija ya dawa kwenye trei ya Daktari Salha, vyeupe upande huu na vya bluu upande ule, na Daktari alikuwa anamngojea amalize.

Bwana Komba alisafisha koo.

"Bupe, unataka tuendelee na matibabu?"

Kispika kilinyamaza. Bupe aliweka kifuniko kimoja, akakiondoa, akakirudisha. Nilijiambia, Ikupa, ulisema utasimama mlangoni, basi simama. Nikarudi nyuma hatua tatu mpaka mgongo wangu ukagusa mlango. Subilaga aliniona. Aliinama akavua viatu, kimoja kimoja, akaviweka pembeni, akaifungua kanga kiunoni na kuishika kwa mikono miwili, tayari kwa kubebea. Tukatazamana hivyo, mimi na mwanamke niliyetakiwa kumsaidia, na nilijua kwamba nitamzuia na nilijua atanipiga, na sote wawili tungekuwa tumempenda mtoto yule yule.

Kispika kikasema, "Ndiyo."

Kikanyamaza tena. Kisha kwa ile sauti yake ya adabu: "Naomba tuendelee. Naomba watu watoke, asante."

Subilaga alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Watu gani, Bupe?" akauliza Bwana Komba, kalamu juu ya karatasi. "Akina mama hawajaingia leo. Taja, tafadhali, kwa ajili ya kumbukumbu."

Bupe hakuingoja Kauli itaje. Alishuka kitandani. Alimwendea Bwana Komba, akamwekea viganja viwili tumboni na kumsukuma. Msajili wa Serikali alirudi nyuma, akarudi tena, karatasi kifuani, mpaka akatoka mlangoni kinyumenyume, maana mimi nilikuwa nimempisha. Kisha Bupe alirudi kwa Daktari Salha, akamshika koti la nje, akamvuta mpaka kwenye kiti cha dawa na kumwachia hapo karibu na mfuko. Mama yake, Bupe alimpita kwa mbali, akamtazama miguu mitupu, akamwacha.

Halafu akanijia mimi.

Nilianza kutabasamu. Nitakiri hilo pia. Nilidhani pengine, baada ya yote yale, atanigusa mkono. Alinigusa tumbo, kwa viganja viwili, na akasukuma kwa nguvu zake zote zilizobaki baada ya dozi nne.

"Mimi?" nikasema.

"Na wewe utoke," ikasema Kauli. "Asante."

Nikatoka. Mlango aliufunga mwenyewe.

Kwenye ngazi wale ishirini wa Kyimo walinitazama bila sauti, macho yote yakiuliza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mama Tupokigwe alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na hata hapo hakuruhusu sauti imtoke.

Bwana Komba alikuwa ameegemea ukuta akijaza fomu. Alinieleza, kwa upole, kwamba mfululizo umekatika na dozi ya tano inatolewa, kwamba baraza linaweza kulibatilisha jibu hili la ndiyo kwa sababu yangu, kwamba Jumatano ijayo Bupe ataulizwa tena na Jumatano nyingine tena. Nikamwambia aulizwe kila mara, na siku akisema hapana katika kimya kama hiki, waninyang'anye kingine chochote lakini wamsikilize. Alinipa karatasi kwenye sehemu ya maelezo ya mtuhumiwa. Niliandika kwamba nilifanya, kwamba ningerudia, na kwamba kifungu cha tisa nilikitunga vibaya na nitakuja mbele ya baraza kusema hivyo kwa sauti, wapende wasipende.

Akasoma. Akanikumbusha kwamba, kwa mujibu wa sheria, kuanzia dakika ile siruhusiwi kuingia tena wodini.

"Umechelewa," nikamwambia. "Mwenye chumba ameshanifukuza."